Kibra na Picha za Askari Wake

Atokaye mjini Nairobi kwa barabara ya Ngong, akikata kushoto kabla ya kuufikia uwanja wa mashindano ya farasi, huingia katika soko la Toi, penye nguo za mitumba zilizotundikwa hata jua halionekani. Akiisha kulipita soko hilo huwa amefika Makina, ambao ni mlango wa Kibra. Wageni wengi huijua Kibra kwa sifa moja tu, yaani mabati yenye kutu, vijia vyembamba na umati wa watu, nao huiita Kibera. Lakini wenyeji wake wa kwanza huitamka Kibra, na katika lugha yao, Kinubi, maana yake ni msitu. Jina hilo lilikuwa la haki, kwa maana walipofika hapo palikuwa pori, na Nairobi yenyewe ilikuwa bado changa, reli ikiwa imeifikia mwaka 1899.

Katika Makina zimo nyumba za Wanubi zilizo kongwe kuliko zote zilizozizunguka. Mgeni akibisha hodi na kukaribishwa ndani, jambo la kwanza atakaloliona ukutani ni zile tabaga, sahani za ukili wa rangi nyingi ambazo akina mama wa Kinubi husuka kwa subira ya siku nyingi na kuzitumia kufunikia chakula. Jambo la pili, katika nyumba nyingi, ni picha za askari.

Picha hizo, ingawa hutoka katika nyumba mbalimbali, hufanana kama ndugu wa baba mmoja. Askari amesimama wima mbele ya pazia la mpiga picha, mkono mmoja juu ya kiti, kaptula yake imepigwa pasi hata mikunjo yake yaweza kukata uzi, na macho yake yanakitazama kioo cha kamera pasipo kucheka. Kucheka mbele ya kamera ni desturi ya siku hizi. Wazee wa zamani walikwenda kupigwa picha kama waendao kwenye baraza ya shauri, kwa sababu walijua kwamba jambo hilo litakaa baada yao. Nyingine hazikupigwa studio, bali kambini penyewe, nazo huwa na mambo mengi zaidi ya kutazama: safu za vibanda, kamba za nguo, masufuria, vitoto vilivyoingia katika picha bila kualikwa, na kuku.

Ni vema kwanza msomaji ajue askari hawa walitoka wapi. Walikuwa watu wa Sudani na nchi za jirani zake, waliochukuliwa katika jeshi la Misri na kuwekwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Ekwatoria, karibu na chemchemi za mto Nile. Emin Pasha alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, wengi wa askari wake walibaki nyuma na mkubwa wao Selim Bey, wakakaa Kavalli, kando ya Ziwa Albert, pamoja na wake zao, watoto wao na watumishi wao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafuata huko akawaandika kazi, na tangu hapo wakawa nguvu ya serikali mpya ya Kiingereza katika Uganda, na baadaye katika nchi ya Kenya pia. Tarehe 1 Januari 1902 majeshi madogo ya Afrika ya Mashariki na ya Kati yaliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambayo kila mtu aliyaita KAR, na Wasudani hao walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza.

Walikuja na mengi zaidi ya bunduki. Vyeo vyao vilikuwa vya jeshi la Misri, ambalo nalo lilivipokea kwa Waturuki, na hivyo kwa miaka mingi katika kambi za Afrika ya Mashariki koplo aliitwa ombasha, na sajenti aliitwa shaushi, na juu yao kulikuwa na sol. Mkulima wa Nyeri au Kakamega aliyekwenda kuandikwa kuruta alijifunza maneno hayo pamoja na kwata, akarudi nayo nyumbani kama mtu arudiye na blanketi jipya. Wazee wengine waliomaliza kazi waliendelea kuitwa kwa vyeo hivyo vijijini mwao hata walipokufa.

Sasa tuzitazame zile picha za kambini. Kitu ambacho askari wenyewe waliita laini kilikuwa ni safu za nyumba ndogo, mlango ukitazamana na mlango, na katikati njia iliyofagiwa mapema asubuhi. Tarumbeta ilipolia alfajiri, laini nzima iliamka, si askari peke yao. Hilo ndilo linalomshangaza mtu wa leo anapozitazama picha hizi, kwamba kambi ile ilikuwa na wanawake. Yuko mmoja anayetwanga, mwingine ameinama juu ya moto, mwingine amebeba mtungi, naye amevaa gurbaba, vazi la Kinubi, vilevile kama angelikuwa nyumbani kwake. Na kwa kweli alikuwa nyumbani kwake. Wakubwa wa KAR walikuwa wamefundishwa jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1897 askari wa Kisudani walioamriwa kumfuata Meja Macdonald katika safari ndefu waliasi, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, na mshahara mdogo uliocheleweshwa, na kukatazwa kwenda na wake zao. Uasi huo ulimwaga damu nyingi katika Uganda. Baada ya hapo hakuna mkubwa mwenye akili aliyeudharau moto wa jikoni wa askari.

Basi mke wa askari alikuwa nusu ya jeshi bila kuandikwa popote. Ndiye aliyesaga, ndiye aliyefua ile kaptula ya khaki, ndiye aliyemwuguza mume aliporudi na homa, na alikuwa chini ya amri za kambi kama mumewe. Laini ikikaguliwa na kuonekana chafu, aibu ilikuwa yao wote wawili. Watoto nao walikua wakisikia tarumbeta kila siku, wakazijua sauti zake zote, ya kuamka, ya chakula, ya kulala, kabla hawajajua kusoma. Wavulana walicheza kwata kwa fimbo. Wengi wao walipotimiza umri waliandikwa katika batalioni ileile ya baba zao.

Mtu mwenye kuzipanga picha hizi kwa miaka, ya zamani kwanza na ya karibuni mwisho, ataona jambo moja ambalo halikuandikwa chini ya picha yoyote, nalo ni habari ya miguu. Katika picha za miaka ya mwanzo askari amevaa tarbushi kichwani, fulana ya buluu, kaptula, na kitambaa kilichozungushwa miguuni kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni, kimefungwa kwa ustadi mwingi. Na chini ya kifundo hakuna kitu. Mguu mtupu umekanyaga ardhi. Hivyo ndivyo walivyopigana wengi wao katika Vita Kuu ya kwanza, vita ambayo KAR waliianza mwaka 1914 wakiwa na batalioni 3 na kuimaliza wakiwa na 22, nao wakamfuata von Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji. Afisa aliyesimama kando yao katika picha hiyohiyo amevaa buti. Baadaye huonekana makubadhi ya ngozi. Kisha, katika picha za vita ya pili, wakati askari wa Afrika ya Mashariki walipovuka bahari kwenda Burma wakapigana mpaka mto Chindwin mwaka 1944, miguu yote imo ndani ya buti, na tarbushi imeiacha nafasi yake kwa kofia pana ya msituni. Mwanzo wa karne mpaka katikati yake ni miaka 50 tu, na hadithi yake yote imo kati ya goti na ardhi.

Liko jambo la pili lisiloandikwa chini ya picha, nalo ni zito zaidi. Picha nyingi za kambini zilipigwa na maafisa au wageni wao, zikapelekwa Uingereza, na huko ndiko zilikohifadhiwa. Chini yake, aghalabu, jina la afisa limeandikwa kwa wino mzuri, pamoja na cheo chake. Na wale wengine, hata wakiwa watu 12 waliokaa mstari wa mbele, wameandikwa kuwa ni askari, basi. Mwaka 1928 serikali ilisimamisha sanamu za shaba mjini Nairobi, katika barabara iliyoitwa Delamere na sasa huitwa Kenyatta, kwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu. Mchongaji wake alikuwa James Alexander Stevenson. Ni sanamu nzuri, na makarani wengi wa Nairobi hupita mbele yake kila siku, lakini wale mashujaa watatu wa shaba nao hawana majina.

Mwaka huohuo wa 1928, jambo lingine lilitendeka kwa wale waliokuwa hai. Hapa yafaa kurudi nyuma kidogo.

Askari Msudani alipomaliza kazi yake, hakuwa na kijiji cha kurudia. Mkamba alikuwa na Ukambani yake na Mnandi alikuwa na Nandi yake, lakini huyu alikuwa amezaliwa kambini, au babu yake aliondoka kwao kwa nguvu ya watu wengine, na njia ya kurudi haikujulikana tena. Kwa hiyo tangu miaka ya 1904 wakubwa wa KAR waliwaruhusu askari hao wastaafu kukaa katika msitu ule wa Kibra, karibu na kambi, walime na kufuga. Mwaka 1912 mahali hapo palitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, na mwaka 1918 palipimwa ukubwa wake ukaonekana kuwa ekari 4,197. Aliyetumika miaka 12 alipewa pasi ya kujenga na kulima bila kodi, na wajane nao walifikiriwa. Ilikuwa ni karatasi ndogo tu. Haikuwa hati ya kumiliki. Lakini kwa watu wasiokuwa na pensheni, ardhi hiyo ndiyo waliyoihesabu kuwa pensheni yao, na askari aliyezoea kuamini neno la mkubwa wake hakuona sababu ya kuuliza maswali.

Wakajenga kwa vijiji vidogo vidogo, na majina ya vijiji hivyo yangali yakitumika: Makina, Lindi, Kambi Muru, Kambi Aluru, Kambi Lendu, Laini Saba. Mwenye masikio atasikia kambi na laini ndani ya majina hayo, ingawa wengi wanaokaa huko leo hawakupata kuona kwata. Picha za miaka ile zaonyesha mashamba ya mahindi, ng'ombe wachache, miti mikubwa, wanawake waliokaa mkekani, na wazee waliovaa kanzu na koti, tarbushi kichwani, wakinywa chai kwa vikombe vya kaure kama mabwana. Mtu akionyeshwa picha hizo pasipo kuambiwa ni za wapi hatasema ni za Kibra, hata akipewa nafasi 10 za kukisia.

Hiyo 1928, basi, jeshi liliitoa Kibra mikononi mwake, ikawekwa chini ya watawala wa kiraia. Badiliko hilo lilionekana dogo kwenye karatasi za ofisini, lakini halikuwa dogo. Wakubwa wa KAR, pamoja na makosa yao, waliwajua wazee wale kwa majina na kwa batalioni. Mtawala wa kiraia hakuwajua. Yeye aliona ardhi nzuri iliyo karibu na mji, inayokaliwa na watu wasio wa kabila lolote katika orodha yake, wanaotengeneza pombe kali ambayo polisi walichoka kuitafuta. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, iliwahesabu kuwa ni wapangaji wanaokaa kwa hisani ya serikali, ingawa ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu kwao. Tangu hapo kila kizazi cha Kibra kimesikia habari ya kuhamishwa.

Hawakuhamishwa wote, lakini Kibra ilipunguzwa kidogo kidogo kama kitambaa kinachokatwa na mafundi wengi. KAR wenyewe walibadili jina siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, wakawa Kenya Rifles. Mitaa mipya ya nyumba za mawe ilijengwa pembeni. Watu wa Magharibi, wa Nyanza, wa Ukambani na wa Kati walikuja kutafuta kazi Nairobi, wakapanga vyumba, kisha wengine wakajenga, hata Wanubi wakawa wachache katika mahali walipopapa jina. Hao wapangaji nao wana haki zao, na wengi wao wamezaliwa hapo hapo. Mwaka 2001 yalizuka mapigano juu ya kodi za vyumba, watu wakafa na nyumba zikateketea. Hilo ni shauri refu, nalo lahitaji mizani ya hakimu.

Ila liko jambo ambalo picha za ukutani zaweza kulisemea. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, hakuhudumiwa kama jirani yake. Aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa baba yake alizaliwa wapi, na babu yake je, na ushahidi uko wapi. Kijana ambaye ukoo wake ulikuwa Nairobi kabla ya Nairobi kuwa na meya aliulizwa alikotoka. Wengine walingoja miezi, wengine miaka, na pasipo kitambulisho mtu haandikwi kazi, wala hafungui akaunti ya benki, wala hapigi kura. Ndipo watu wakaanza kufungua masanduku ya mabibi zao. Pasi za kale za mashamba zilitolewa, na vyeti vya kumaliza kazi jeshini, na nishani zilizoingia kutu, na hizo picha. Picha si hati ya sheria, na hakuna sheria isemayo kwamba mjukuu wa askari wa KAR apewe kitambulisho kwa kuonyesha tarbushi. Hata hivyo ni vigumu kumwambia mtu kuwa ni mgeni huku babu yake anakutazama kutoka mezani, amevaa mavazi ya jeshi la nchi hiyohiyo.

Mwaka 2011 mpiga picha wa Kimarekani, Greg Constantine, alitoa kitabu kiitwacho Kenya's Nubians: Then & Now, ambamo picha alizozipiga yeye zimewekwa pamoja na picha za kale zilizohifadhiwa na Wanubi wenyewe. Kwa njia hiyo mambo yaliyokuwa ya ukutani yakaonwa na watu wa mbali. Mwezi Machi wa mwaka huohuo, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba nchi ya Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi katika shauri la uraia. Na mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288. Mwenye kalamu aweza kujitolea hesabu mwenyewe kutoka zile 4,197. Wazee wengine walilia siku ile kwa furaha, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Leo anayekwenda Kibra kutafuta kambi ya zamani hataipata. Ataiona reli, ambayo garimoshi lake hupita katikati ya mabanda kwa sauti kubwa, na watoto husogea pembeni bila haraka kwa kuwa wamezoea. Atasikia adhana kutoka msikiti wa Makina. Akienda mbele kwa barabara ya Ngong atafika kwenye makaburi ya vita, yaliyofunguliwa mwaka 1941, ambapo wamelala zaidi ya watu 1,900 waliokufa katika vita ya pili. Majani yake hukatwa vizuri, na mawe yake yamepangwa katika safu zilizonyoka kama laini siku ya ukaguzi, kila jiwe na jina lake, namba yake na jeshi lake.

Lakini mzee aliyeimaliza kazi yake salama, akapewa pasi, akalima mahindi yake Kibra na kufa kitandani pake, alizikwa kwa desturi ya Kiislamu, pasipo maandishi mengi, na hakuna jiwe la safu linalomtaja. Jina lake huulizwa nyumbani. Bibi mwenye nyumba huishusha picha kutoka ukutani, huipangusa kioo kwa upindo wa gurbaba yake, akataja: huyu ni baba yake mama, huyu wa kushoto ni rafiki yake waliyekwenda naye Burma, na huyu mtoto aliyeshika fimbo ni marehemu kaka yangu. Kisha huiangika tena penye msumari wake, akaenda jikoni kutazama chai.